Friji, Godoro, Simu: Wapi Ushuke Bei na Wapi Ungoje

Unataka friji mpya ya milango miwili. Bei yake ni laki saba na nusu, mfukoni una laki nne, na joto la Dar es Salaam limeshaanza. Pembeni yake dukani ipo ya mtumba, kubwa kuliko ile mpya, kwa laki tatu na nusu. Muuzaji anakuona unasitasita, anakwambia: "Dada, chukua hii ushikizie kwanza. Nyingine utanunua ukijipanga."

Ushauri huo unaweza kukusaidia na unaweza kukumaliza. Inategemea kitu chenyewe. Kabla hujatoa hela jiulize swali moja: nikishakinunua, kitaendelea kunidai? Kiti cha plastiki hakikudai chochote ukishakifikisha nyumbani. Friji inakudai umeme usiku na mchana. Simu ya mkopo inakudai kila asubuhi. Kwa vitu vinavyoendelea kudai, ukitaka kushuka bei shuka ukubwa au idadi, lakini ubora uache ulipo.

Bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu. Sokoni zinapanda na kushuka, kwa hiyo weka za kwako mahali pake.

FRIJI

Una njia tatu. Ya kwanza ni ile ya mtumba, kubwa, laki tatu na nusu. Ya pili ni mpya ndogo ya mlango mmoja, kama lita 90 hivi, nayo unaipata kwa bei inayokaribiana na hiyo. Ya tatu ni kungoja mpaka ufikishe laki saba na nusu.

Wengi wanachagua ya kwanza kwa sababu hela ni ileile na friji ni kubwa zaidi. Hapo ndipo hesabu ya umeme wa LUKU inaposahaulika.

Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza kodi na tozo inafika karibu 122. Aliye kwenye kundi la kawaida la majumbani analipa 292, na kodi na tozo zikiingia inakuwa karibu 356. Bei imezidi karibu mara tatu, na mpaka kati ya makundi hayo mawili ni uniti 75 tu.

Tuseme nyumba yako inatumia uniti 45 kwa mwezi: taa, televisheni, feni, pasi mara mojamoja. Ukiweka friji ndogo mpya inayokula uniti 0.6 kwa siku, umeongeza uniti 18. Jumla 63, bado uko kundi la chini, na mwezi mzima unakugharimu kama 7,700.

Sasa weka ile kubwa ya mtumba. Ikiwa raba ya mlango imelegea na mashine imechoka, kula uniti mbili kwa siku ni jambo la kawaida. Hizo ni uniti 60. Jumla 105. Umevuka mpaka. Mwanzoni unalipa bei kubwa kwa zile zilizozidi, na ukiendelea hivyo unahamishiwa kundi la kawaida, ambako uniti 105 ni zaidi ya shilingi 37,000. Tofauti ni karibu 30,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni kama 356,000, zaidi ya bei uliyonunulia friji yenyewe.

Hata kama tayari uko kundi la kawaida, zile uniti 42 za ziada ni kama 15,000 kwa mwezi, na ndani ya mwaka zinakaribia laki moja na themanini.

Mpangaji mwenye mita ya kuchangia ana shida nyingine. Nyumba nyingi za kupanga zina utaratibu wa kwamba mwenye friji anachangia zaidi, na mara nyingi kiasi kinapangwa kwa kukadiria. Friji yako iwe ndogo au kubwa, jirani anaona "friji". Muulize mwenye nyumba kabla hujanunua, na mkubaliane kiasi. Ukishaiingiza ndani, huna tena nguvu ya kujadiliana.

Matumizi ya friji huwezi kuyajua kwa kuitazama sura. Friji nyingi mpya huja na karatasi iliyobandikwa mlangoni inayoonyesha uniti kwa mwaka. Gawa kwa 365. Ikiandikwa 219, ni uniti 0.6 kwa siku. Ikiandikwa 365, ni uniti moja. Za mtumba karatasi hiyo huwa imeshabanduka zamani, na hapo muuzaji atakujibu anachotaka yeye.

Kama huna njia ila mtumba, basi kagua. Funga noti mlangoni, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, raba imekwisha na baridi inavuja. Rudia pande zote za mlango, kwa sababu raba huanza kufa upande wa bawaba au chini. Omba iwashwe ikiwa tupu kwa saa mbili ukiwa hapohapo, halafu tazama kwenye friza. Kwa zile za kawaida zinazoganda barafu ukutani, barafu inatakiwa itande sehemu yote. Ikitanda kona moja na kwingine pakavu, gesi imepungua, na gesi haipungui bila tundu. Atakayekwambia "ni kujaza gesi tu" anakuuzia tundu hilo pia.

Geuza friji usome kibati cha nyuma. Kikisoma volti 220 hadi 240 na hezi 50, inaendana na umeme wetu. Kikisoma 110 au 100, friji ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani, na utalazimika kununua transfoma, ambayo ni gharama nyingine na inakula umeme wake. Tazama na aina ya gesi. R134a mafundi wengi wanaijua. R600a inatumia umeme vizuri ila inashika moto, kwa hiyo isiguswe na fundi anayechomea bila kuielewa. Ukikuta R12 achana nayo. Ni gesi iliyopigwa marufuku kwa kuharibu tabaka la ozoni, na friji yenyewe ni ya miaka mingi mno.

Mwisho kabisa ni gharanti. "Gharanti mwezi mmoja" inayosemwa kwa mdomo haina maana yoyote siku duka likibadilisha kijana wa mauzo. Iandikwe nyuma ya risiti: tarehe, namba ya mashine, na kama watabadilisha friji au watatengeneza tu.

GHARAMA ZINAZONGOJA NJE YA DUKA

Laki nne si laki nne. Friji gadi ya kukinga umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, weka 25,000. Usiiruke, maana mashine ikiungua siku ya kwanza hakuna gharanti itakayokulinda. Kirikuu cha kukufikishia Mbagala au Kimara, weka 20,000. Wapagazi wa kupakia na kushusha, na ghorofa kama ipo, weka 5,000. Zimebaki laki tatu na nusu, na hiyo ndiyo bajeti yako halisi ya friji. Itaje dukani bajeti hiyo, nyingine ibaki mfukoni.

Ukilipa kwa simu utaambiwa "tuma na ya kutolea". Hiyo ni gharama ya muuzaji, inakuja kwako kwa sababu wateja wameizoea. Kwa hela nyingi kidogo inafika maelfu. Uliza kama ana lipa namba kabla hamjakubaliana bei, na makato yasemwe wazi mapema.

Halafu utapewa bei mbili: ya risiti na ya bila risiti. Ya bila risiti inaonekana ahueni kwa sababu VAT imewekwa kando. Kwa sufuria uamuzi ni wako. Kwa friji, simu na kitu chochote chenye gharanti, mimi nasema dai risiti ya mashine ya EFD, ambayo ni haki yako kisheria hata kama muuzaji anakunja uso. Bila karatasi hiyo huna pa kuanzia dukani, wala kwenye Tume ya Ushindani, FCC, ukitaka kulalamika kwamba umeuziwa bidhaa bandia.

Ukifika nyumbani usiiwashe papo hapo. Iache imesimama saa kadhaa, hasa kama ililazwa kwenye gari, ili oili irudi chini kwenye mashine. Kuna friji mpya zimekufa siku ya kwanza kwa haraka hiyo.

GODORO

Hapa ndipo watu wanashuka vibaya zaidi, kwa sababu magodoro yote yakiwa yamevikwa kitambaa cha maua yanafanana.

Hebu chukua la futi 5 kwa 6, inchi 6. Kinachotofautisha bei ni densiti ya sponji, yaani uzito wake kwa nafasi ileile. Huo unaweza kuupima mwenyewe. Godoro la vipimo hivyo lenye sponji nyepesi ya kilo 16 kwa mita ya ujazo lina uzito wa karibu kilo 7. La kilo 24 linafika karibu 10. La kilo 32 linakaribia 14. Omba mzani, au panda nalo kwenye mzani wa kupimia watu halafu utoe uzito wako. Ukiambiwa "hai densiti" na mzani unasoma kilo 7, ondoka.

Ila kuna ujanja mmoja. Yapo magodoro yaliyotengenezwa kwa mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hayo ni mazito na yatafaulu mzani. Fungua zipu utazame: ukiona vipande vya rangirangi vimeshikana, ndiyo hayo. Si mabaya yote, ni magumu na baadhi yanadumu, lakini yauzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Pima na unene kwa futikamba. Inchi 6 za kwenye kibandiko zinaweza kuwa 5 za kweli, na wewe umelipa za kibandiko.

Kama hela haitoshi godoro zito la 5 kwa 6, nunua zito la 4 kwa 6. Mtabanana, ila litalala sawa. Lile jepesi la 5 kwa 6 linabonyea katikati mapema, na likishabonyea hakuna kuligeuza kutakakolirudisha. Unanunua la pili wakati kitanda ni kilekile, na mgongo umeshaanza kulalamika. Kwa mama mjamzito au mzee wa nyumbani, hili silijadili. Aanze yeye kulala kwenye zuri, wengine wafuate hela ikipatikana.

SIMU

Epuka simu feki hata kama inafanana na ile unayoitamani mpaka kwenye kava. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu bandia nchi nzima, na watu wakabaki na vioo mkononi. Kabla ya kulipa piga *#06# uone namba ya IMEI, ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 uletewe jibu la simu hiyo ni ya kampuni na toleo gani. Ikija tofauti na uliyoishika, rudisha mezani.

Simu ya mtumba ya daraja la juu ni chaguo la heshima ikiwa betri yake bado inafika jioni na bado inapokea masasisho. Ya zamani mno itapiga picha nzuri, lakini siku moja programu ya benki itagoma kufunguka. Kama simu ndiyo ofisi yako, unauza vitenge kwa picha na kupokea hela humohumo, bora mpya ya daraja la chini yenye gharanti kuliko ya kifahari iliyochoka. Usikubali tu hifadhi ndogo: simu inayojaa kila wiki inakufanya ufute picha za wateja.

Njia inayovuta wengi sasa ni kulipa kidogo kidogo. Hebu tupige hesabu. Kianzio 60,000, kisha 1,000 kila siku kwa mwaka mmoja. Jumla ni 425,000. Simu hiyohiyo taslimu ni, tuseme, 270,000. Umeongeza 155,000, zaidi ya nusu ya bei, na siku usipolipa inajifunga. Bodaboda ambaye simu ikijifunga hapokei wateja anapoteza na hela ya siku hiyo.

Sisemi mkopo huo haufai kabisa. Kama bila simu hiyo huingizi hela, na ukiwa nayo unaingiza elfu kadhaa kwa siku, hesabu inajilipa. Uliza tu maswali matatu: jumla yote ni shilingi ngapi, nikimaliza mapema napunguziwa, na ikiibiwa naendelea kulipa? Jibu la swali la tatu ndilo watu wanaloligundua wakiwa wameshaibiwa.

PALE AMBAPO CHA BEI NDOGO NDICHO CHA KUNUNUA

Kitanda usikifie. Mninga ni mbao nzuri na atakayeumudu anunue, lakini kitanda cha paini iliyotiwa dawa, kikiungwa vizuri na fundi wa Keko, kinalaza watu vilevile. Lipia maungio na chaga, usilipie jina la mti. Tofauti ya hela ipeleke kwenye godoro.

Kabati ni habari nyingine. Yale ya mbao za unga, wanazoita emdiefu, yanang'aa dukani na ni ya bei nafuu. Yakipata maji chini yanavimba, na skurubu ikitoka mara moja hairudi kukaza. Mpangaji anayehama mara kwa mara asiyanunue. Bora fremu ya chuma na pazia, au sanduku la bati, mpaka atulie.

Nguo za kazini, makoti, viatu vya ngozi: soko la Karume bado lina vyenye thamani kuliko vipya vya bei hiyohiyo. Kiatu cha mtumba kikunje soli uone kama imepasuka, na ingiza mkono ndani kutafuta palipotoboka. Sufuria, ndoo, viti vya plastiki, vyombo vya kulia, chukua cha bei ndogo bila kujilaumu.

Kwa anayejenga, neno moja, na kwake ni kinyume. Kwenye mabati namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Karibu na bahari, ambako chumvi inakula chuma, usishuke. Kama hela haitoshi, paua vyumba viwili kwa bati zuri uhamie, kuliko kufunika nyumba nzima kwa bati utakalolibadilisha. Nyaya za umeme ndani ya ukuta nazo usizitafutie ahueni kabisa. Zikiungua zinaondoka na nyumba.

KUNGOJA NAKO KUNA BEI YAKE

Turudi kwa mwenye laki nne anayetaka friji ya laki saba na nusu. Amepungukiwa 350,000, achilia mbali friji gadi na usafiri. Kama anaweza kuweka 120,000 kwa mwezi, ni miezi mitatu. Katika miezi hiyo atakula vipi samaki? Deli zuri na barafu ya kununua vinamfikisha. Barafu ya shilingi 1,000 kila siku ni 90,000 kwa miezi mitatu. Akinunua siku za samaki tu, mara tatu kwa wiki, haifiki 40,000.

Kwa hiyo miezi mitatu inavumilika, na deli litabaki la kazi nyingine. Ikiwa anaweza kuweka 30,000 tu kwa mwezi, ni mwaka mzima, na hapo kungoja hakuna faida. Achukue ile ndogo mpya leo, alipe umeme mdogo, na ile 30,000 aiendeleze kwenye mchezo wa mtaani au kikoba. Hela ya kuongezea asiiweke kwenye simu, itaondoka na vocha na nauli. Mchezo wa watu kumi wanaoaminiana, wa 30,000 kwa mwezi, unampa laki tatu kwa mkupuo zamu yake ikifika. Aombe zamu za kati: akipokea wa kwanza atashawishika kuanza na jambo lingine, akiwa wa mwisho amebeba hatari ya wote waliotangulia.

Na siku ile kubwa ikifika, ndogo iuzwe mapema, ikiwa bado ina risiti, boksi na gharanti. Isitupwe stoo. Wakati wa kuiuza ni kabla ya Ramadhani au joto la mwisho wa mwaka linapoanza, ambapo wauza juisi, maji na maziwa mgando wanatafuta friji ndogo. Iwashe mnunuzi akiwepo, mpe noti aifunge mlangoni ajaribu mwenyewe, na bei itakayokuja iende kulipia friji gadi na kirikuu cha ile kubwa.